Mlembe kifuani: ndege wa porini anakuwaje wa ukoo

"Shikamoo mjomba. Huyu ndege tunayemchapa kifuani, mnajua kwamba anaua watoto wa wenzake?"

Swali lilitua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo saa tatu usiku, fulana zikiwa zimeshalipiwa nusu. Tulikuwa tunajiandaa kumtoa mwali, hapa Masasi, na safari hii wanawake walikataa kuishia kwenye kanga za sare. Walitaka fulana, tena zenye picha ya sego, ndege ambaye kwetu hutajwa kila inapozungumzwa asili ya ukoo. Aliyeuliza ni mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam. Chini ya swali aliweka video fupi: ndani ya shimo lenye giza, kifaranga kipofu, kisicho na unyoya hata mmoja, kinapapasa mpaka kinakipata kifaranga kingine, kinakibana kwa ncha ya mdomo na kukitikisa. Kinaachia, kinapumzika, kinabana tena.

Kundi likanyamaza, kisha maneno yakaanza. Mama mkubwa akasema huyo siye. Binamu wa Mangaka akapendekeza tuhamie kwa furukombe, ndege mwenye heshima zake, aliyeko hata kwenye bendera ya Zambia. Mwingine akasema ndege ni ndege tu, tuchape fulana shughuli iende. Mimi nikaandika kwamba nitajibu, na jibu lenyewe likawa refu kuliko linavyofaa kusomwa kwenye kundi. Ndilo hili.

Kwanza tumjue mwenyewe. Kwa Kiswahili anaitwa mlembe. Kwa Kiyao ni sego, na masikioni mwangu sego na sega hukaa jirani, ingawa sidai kwamba neno moja limezaa lingine. Wanasayansi wanamwita Indicator indicator, yaani mwonyeshaji. Urefu wake ni sentimita 20 hivi na uzito wake gramu 50 hivi, sawa na yai la kuku. Dume ana koo jeusi, doa jeupe shavuni na mdomo wa rangi ya waridi. Jike ni kahawia na kijivu tu, akitua kwenye tawi unaweza kumpita usimtambue. Makinda wana umanjano kuanzia kooni hadi kifuani. Wote wakiruka huonyesha manyoya meupe ya pembeni mwa mkia. Yupo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, ila si kwenye misitu minene wala majangwa. Kwetu huku makao yake ni miombo: Nanyumbu, Masasi, Nachingwea, Liwale, na ng'ambo ya Ruvuma kwenye hifadhi ya Niassa, Msumbiji.

Kinachomtofautisha ni chakula chake. Anakula nta. Viumbe wenye uti wa mgongo wanaoweza kuisaga nta tumboni ni wachache mno, naye ni mmoja wao. Hula pia majana, yaani watoto wa nyuki walio bado kwenye sega, na mayai ya nyuki, pamoja na wadudu wengine. Mwaka 1588, padri Mreno João dos Santos, akiwa Sofala huko Msumbiji, aliandika habari za ndege mdogo aliyekuwa akiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta madhabahuni. Akaeleza pia kwamba ndege huyo huyo huwaongoza watu hadi kwenye asali. Huenda kuna maandishi ya zamani zaidi, lakini hayo yanatosha kuonyesha kwamba zaidi ya miaka 400 iliyopita mgeni alifika pwani ya kusini akaukuta utaratibu umeshakomaa.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Ndege anajua nyuki wako wapi, ila hawezi kupasua mninga, na nyuki wakimvamia wanaweza kumuua japo ngozi yake ni nene. Binadamu ana shoka na moshi, ila anaweza kuzunguka pori kutwa nzima asione tundu. Kila mmoja ana nusu ya ufunguo.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja mjomba aliponichukua kwa mara ya kwanza, upande wa Lukwika, nje ya mpaka wa pori la akiba. Alibeba shoka begani, ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na kiberiti alichokifunga kwenye kipande cha nailoni. Kila baada ya hatua kadhaa alitoa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa kijijini. Ulimi ulitetemeka, "brrrrr", kisha ukafuata mguno mfupi kutoka kifuani, "hm". Brrrrr-hm. Nilidhani anasafisha koo. Tulitembea hivyo hadi umande ukakauka miguuni, ndipo likaja jibu kutoka juu ya mtondo: mlio wa haraka haraka, mkavu, kama mtu anayetikisa kiberiti kilichobaki njiti chache.

Mjomba hakuinua kichwa. Alibadili mwelekeo tu. Ndege akaruka, mkia ukamulika weupe, akatua mbele hatua hamsini hivi na kuendelea kutikisa kiberiti chake. Tukisimama, anarudi. Tukisogea, anasogea. Muda wote huo mjomba alikuwa anajibu, brrrrr-hm, kama watu wawili wanaosalimiana njia nzima. Kisha ndege akanyamaza ghafla. Alikuwa ametulia kwenye tawi la chini, na mjomba akaanza kuangalia vigogo kimoja kimoja, jicho likitafuta vijidoa vinavyoingia na kutoka kwenye mwanga. Tundu lilikuwa juu ya kichwa chake kidogo tu.

Moto, majani mabichi, moshi, shoka. Asali ilipotoka, nilinyoosha mkono kuchukua sega lililojaa majana meupe. Akanipiga kofi la kiganja.

"Hilo lina mwenyewe."

Akachuma majani, akayatandika chini vizuri, akaliweka lile sega juu yake kama anayemwekea mgeni chakula kwenye sinia. Ndipo tukaondoka.

Njiani aliniambia lile ambalo watoto wengi wa nchi ya nyuki wameambiwa, kuanzia kwetu hadi mbali Afrika hii: ukimdhulumu sego, safari ijayo atakupeleka kwa chui au kwa nyoka. Sasa nimekuwa mtu mzima, na siamini kwamba ndege ana kinyongo. Pori lina nyoka, na njia ya kwenda kwa nyuki hupita palepale walipo nyoka. Naamini wazee walilifunga deni ndani ya hofu ili mtoto asilisahau. Na deni hilo halilipwi kwa namna moja kila mahali. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao nao humfuata ndege huyu, mara nyingi huificha au kuichoma nta iliyobaki, ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Wayao humwekea. Sisemi nani ana haki zaidi. Nasema tu kwamba mimi nililelewa kwenye nyumba inayoweka.

Wanaodhani hii ni hadithi ya mezani wanaweza kuangalia hesabu. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kundi moja la nyuki bila ndege, na saa 3.2 wakiwa naye. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode, pamoja na Keith na Colleen Begg, walitoa matokeo kutoka Niassa, kwa Wayao wenzetu wa ng'ambo ya mto. Waliichezesha ile brrrrr-hm kwenye spika wakitembea porini, wakailinganisha na sauti nyingine za watu na za wanyama. Kwa sauti nyingine, uwezekano wa ndege kuja kuongoza ulikuwa asilimia 33. Kwa mwito wa Kiyao ukapanda hadi 66. Uwezekano wa safari nzima kuishia kwenye nyuki ukatoka asilimia 16 hadi 54. Maana yake ndege wa porini, ambaye hakuna aliyemfuga wala kumfundisha, anaielewa sauti ya mjomba wangu.

Mwaka 2023 likaongezwa jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Spottiswoode na Brian Wood walichukua mwito wa Wayao wa Niassa na mluzi wa Wahadzabe, wakaujaribu kila mmoja pande zote mbili. Uhadzabeni, ndege waliuitikia mluzi wa wenyeji zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Niassa ikawa kinyume chake: mwito wa Kiyao uliitikiwa karibu mara mbili zaidi. Ni ndege wa aina moja, lakini wa huku wanajua lugha ya huku.

Sasa nirudi kwenye video ya mpwa wangu. Ni ya kweli. Ilirekodiwa Zambia, na anayeonekana ndiye mlembe wetu, si mwingine. Mlembe hajengi kiota. Jike hutafuta shimo la ndege mwingine, la keremkerem, la hudihudi, la mdiria na wengineo wanaotagia kwenye mashimo, hutaga yai lake humo na mara nyingi huyatoboa mayai ya mwenyeji. Yai lililosalimika likianguliwa, kifaranga cha mlembe kinakuwa tayari na ndoano mbili kali, moja juu na moja chini ya ncha ya mdomo. Macho hayajafunguka. Kinaua kwa kupapasa. Ndoano hudondoka baadaye, na mama mlezi huendelea kukilisha mpaka kiruke. Keremkerem, ambaye kazi yake ni kula nyuki, humlea kwa mdudu mmoja mmoja mtoto wa aliyemwingilia nyumbani.

Siwezi kulipamba hilo, wala sitaki tujifiche kwenye maneno ya mama mkubwa kwamba huyo siye. Ndiye. Lakini nilipoendelea kusoma nilikutana na jambo jingine kuhusu mashimo hayo, na nililisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Mwaka 2011 Spottiswoode na wenzake walichunguza chembe za urithi za walembe wa Zambia, zile zinazopita kwa mama peke yake. Walikuta mistari miwili. Jike aliyezaliwa kwenye shimo la ardhini hutaga ardhini. Aliyezaliwa kwenye tundu la mti hutaga mtini. Binti yake vivyo hivyo, na mjukuu wa kike vivyo hivyo. Mistari hiyo miwili imeachana kwa mamilioni ya miaka. Ila madume hawafuati mstari. Jike wa ardhini anaweza kuzaa na dume aliyetoka mtini, na ndiyo sababu wote wamebaki kuwa ndege wa aina moja. Baba anatoka popote. Nyumba inashikwa na mama.

Msomaji wa Mtwara au Lindi ameshaelewa kwa nini nilisimama. Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera ni watu wa kwa mama. Ukoo wangu si wa baba yangu, na watoto wangu si wa ukoo wangu; walio wangu ni watoto wa dada zangu, na ndio maana swali la fulana lilikuja kwa mjomba. Kwa Kiyao dada na watoto wao walio chini ya uangalizi wa kaka huitwa mbumba, na mwenye mbumba ana wajibu wa kujibu. Sisemi kwamba ndege ametuiga, wala kwamba sisi tumemwiga. Mistari yao ilishaachana kabla hajaweko mtu wa kuitwa Myao. Nasema tu kwamba nilihisi kama nimekutana na jirani wa miaka mingi na kugundua kwamba naye anamzika mjomba wake kama sisi tunavyomzika wetu.

Kuna hili pia. Kile kifaranga kilicholelewa na keremkerem hakijawahi kumwona mama yake. Hakuna aliyekionyesha shoka wala moshi. Hata hivyo kikitoka kwenye shimo, kingali na kifua cha manjano, huanza kutikisa kile kiberiti na kuwaita watu. Kuongoza kumo damuni. Lakini sauti gani ya mtu inafaa kuitikiwa, mluzi au brrrrr-hm, hilo inaelekea hujifunza kwa wenyeji wa pori aliloangukia. Katika vikao vyote vya ukoo nilivyokaa, vya kugombania nani ni wetu na nani amekuja tu, sijasikia jambo la damu na malezi likifafanuliwa vizuri kuliko anavyoliishi ndege huyu.

Basi ndege wa porini anakuwaje wa ukoo? Nadhani kosa letu kwenye lile kundi lilikuwa kudhani kwamba ukimchukua ndege unachukua tabia zake, kwa hiyo lazima umtafute asiye na doa. Furukombe ni mzuri, na jamaa zetu wa ziwani na mitoni wana haki ya kumpenda, lakini naye hupokonya samaki midomoni mwa ndege wengine. Ukimtafuta ndege msafi utazunguka pori mpaka uzee.

Kiswahili nacho kina mchango katika kutuchanganya. Neno ndege ni mnyama, lakini pia ni dalili: tunasema mtu ana ndege njema, au ameanza safari na ndege mbaya. Bundi akilia juu ya paa, nyumba nzima haijalala. Nyuni ni ndege, na nyuni hiyo hiyo ni degedege la mtoto mchanga. Tumezoea kumtazama ndege na kumuuliza ametuletea nini. Kwa mazoea hayo, picha ya kifaranga muuaji kwenye kifua cha mwali inatisha, maana inasomwa kama ubashiri.

Ila masimulizi ya ukoo wetu, ukiyasikiliza vizuri, hayasemi tunafanana na sego. Yanasema tulimfuata. Bibi wa bibi yetu alivuka Ruvuma na watoto, mwaka wa njaa, hawana mbegu wala jembe, na kilichowafikisha kwenye kijiji cha kwanza ni asali ya njiani. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa kwetu, na kila msimulizi alimalizia kwa kutaja kwamba kila walipokula, waliacha. Kufuata ni kitu kingine kabisa na kufanana. Ninayemfuata simchungulii chumbani kuhakikisha ni mwema. Namlipa anachonidai. Tumemshika sego kwa sababu kuna kitu tulichopewa na kitu tunachotakiwa kuacha juu ya majani, na nyumba nzima inajua kiasi chake.

Ndiyo maana kinachonisumbua mimi si video. Mjomba alishafariki. Masasi sukari inauzwa kila duka, asali ya Liwale inakuja kwenye chupa, na vijana wenye nia ya ufugaji nyuki wanatundika mizinga ya kisasa karibu na nyumba, jambo jema, kwa sababu urinaji wa zamani uliangusha miti na kuacha moto ukitembea wenyewe. Mjomba wangu naye aliangusha miti. Miombo mingine imeshakuwa mikorosho. Mlembe mwenyewe hayumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, lakini sehemu ambako watu wameacha kumfuata, imeonekana naye huacha kuita. Katika ukoo wetu wa watu zaidi ya sitini kwenye lile kundi, nilipouliza nani anaweza kuitoa ile sauti ipasavyo, nilipata watu wanne, wote wazee. Tunaweza kumvaa sego kifuani tukiwa hatumdai wala hatudaiwi naye chochote. Hapo ndipo picha inabaki rangi juu ya pamba.

Nilimwandikia mpwa wangu haya yote, kwa ufupi kidogo. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaomba jambo moja: picha tuliyoitoa mtandaoni, ya dume lenye koo jeusi na shavu jeupe, iondolewe, tuchape jike. Wanawake walikubali mara moja. Mchapaji wa fulana alipiga simu kuuliza kama tumetuma picha sahihi, maana ndege huyu hana urembo wowote, watu watadhani ni shomoro mkubwa. Tukamwambia achape.

Siku ya shughuli ngoma ilikuwa imeshachanganya, vumbi limepanda, fulana zimejaa uwanjani. Bibi mmoja wa upande wetu aliyetoka Msumbiji, aliyevuka kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala na kulala njiani, aliingia akiwa ameshikwa mkono. Akamsimamisha msichana wa kwanza aliyekutana naye, akalivuta lile fulana kwa vidole viwili ili picha ikunjuke, akaitazama karibu. Hakuuliza ndege gani. Akainua kidevu na ulimi wake ukatetemeka, brrrrr-hm, na wazee wetu wanne, kila mmoja alipokuwa, wakageuka.